Jina Ndilo Mlango: Maandishi ya Maumbile kutoka Tabaka hadi Pwani



Katika Suratul Baqara tunafahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha baba yetu Adam, amani iwe juu yake, majina ya vitu vyote, na kwa elimu hiyo ubora wake ukadhihiri mbele ya Malaika. Katika jambo hili mna mazingatio makubwa. Kukitaja kitu kwa jina lake ndio mwanzo wa kukijua. Na katika zama zetu hizi kumekuwa pia ndio mwanzo wa kukipata. Mtu mwenye swali hushika simu yake na kuandika jina. Akiliandika jina ambalo mwandishi hakulitumia, wawili hao hawatakutana, hata kama mmoja ana haja na mwengine ana dawa ya haja hiyo.

Wako vijana wengi hivi leo, wa bara na wa pwani, wanaoandika kuhusu maumbile ya Mola wetu: miti, ndege, samaki, mboga, mawe na mito. Maandishi yao huwekwa kwenye intaneti, na chini yake huongezwa maneno machache ya kuyatambulisha. Maneno hayo ndiyo yaitwayo lebo. Mengine hutanguliwa na alama ya reli, desturi iliyopendekezwa mwezi wa Agosti 2007 na Chris Messina wa Marekani kwa watumiaji wa Twitter, kisha ikaenea duniani kote. Wengi huziandika lebo hizi kwa haraka, kama mtu afungaye mzigo huku gari likiondoka. Nasi twasema kuwa hapo ndipo kazi nzuri inapopotea.

Jiwe moja, majina mengi

Tutoe mfano wa Tabaka, katika Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Watu wa Pwani wanalijua jiwe la huko hata kama hawajapata kufika. Ni lile jiwe laini, jeupe, la waridi au la kijivu, linalochongwa mabakuli, vinara, vibao vya sataranji na wanyama, na ambalo huuzwa kwa wageni katika maduka ya Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Fort Jesus. (Suala la kuchonga viumbe wenye roho lina nafasi yake katika fiqhi, wala si mada yetu ya leo.) Jiwe hilo huchimbwa kwa zana za mkono. Wanaume aghalabu ndio wachimbao na kuchonga. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji, kisha likang'arishwa kwa nta. Sifa za wachongaji wa huko zimefika mbali: sanamu ya ndege wa amani, kazi ya Elkana Ong'esa, imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Sasa tujiulize: jiwe hili lina majina mangapi? Mchuuzi wa Mombasa huliita jiwe la Kisii. Muuzaji wa ng'ambo hulitangaza kwa jina la Kiingereza, soapstone, kwa kuwa ukiligusa huteleza kama sabuni. Wafasiri nao wakaandika jiwe la sabuni, na mtu asiyejua akadhani ni kitu cha kufulia. Wataalamu wa miamba wana majina yao. Ama mwenyeji wa Tabaka, humtosha kusema "mawe" na kila aliye karibu naye akamwelewa.

Shida haikomei hapo. Jina la mji wenyewe limeafikiana na neno la Kiswahili. Mpe mashine ya kutafutia neno "tabaka" peke yake, nayo haitajua kuwa unauliza habari za mji. Itakuletea tabaka la ozoni, matabaka ya jamii, na matabaka ya ardhi. Mwanafunzi wa dini huenda akaletewa Tabaqaat za Ibn Saad. Mashine haina kosa. Imelisoma neno kama lilivyoandikwa. Mwandishi ndiye anayepaswa kulifunga jina hilo na mwenzake: "Tabaka Kisii", au "Tabaka Mugirango Kusini", ili lisipotee katika umati wa majina yanayofanana nalo.

Ni nani anayeumia

Huenda msomaji akasema: hili ni jambo dogo la watu wa mitandao, lina uzito gani? Uzito upo. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi hudhuru mapafu. Jambo hili limethibiti katika elimu ya tiba, na wakata mawe wa nchi nyingi wamelijua kwa machungu. Kulilowesha jiwe wakati wa kulikata na kulisugua hupunguza vumbi. Kufanya kazi penye hewa ipitayo na kuvaa barakoa inayozuia vumbi husaidia pia.

Tuseme kijana aliyekulia karibu na machimbo ameyaandika haya yote kwa ufasaha, kwa lugha ambayo mama yake angeielewa. Mwishoni akaweka lebo nne: "maumbile", "Kenya", "sanaa", "uzuri". Maneno hayo si ya uongo. Lakini "Kenya" ni bahari, na makala yake ni tone ndani yake. Anayetafuta "uzuri" anatafuta vipodozi. Wakati huo huo, yuko mke wa mchongaji ambaye mumewe hukohoa usiku. Naye ameshika simu, anaandika: "kikohozi cha vumbi la mawe". Jibu la swali lake limeandikwa, tena na jirani yake, katika lugha aijuayo. Lakini halimfikii, kwa sababu mwandishi alijenga mlango upande ambao mgeni wake hapiti.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza, nayo ndiyo mama wa kanuni zote: lebo huchaguliwa kwa kumfikiria anayetafuta. Kabla ya kuandika lebo, mwandishi ajiulize: ni nani mwenye haja na maneno yangu, na atauliza kwa maneno gani? Katika mfano wetu lebo zingekuwa "vumbi la mawe", "kikohozi", "mapafu", "jiwe la Kisii", "wachongaji" na "Tabaka Kisii". Hapo mgonjwa ataingia kwa mlango wake, mchongaji kwa wake, na mtafiti kwa wake.

Funzo kutoka kwa Imam Bukhari

Wanazuoni wetu waliijua kazi hii karne nyingi kabla ya kuzuliwa simu. Katika vitabu vyetu vya Kiswahili cha zamani, sura ya kitabu iliitwa mlango, kwa kufuata neno "bab" la Kiarabu. Jina hilo lina hekima, kwani kichwa cha habari ni pahala pa kuingilia.

Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliikusanya Sahihi yake kwa milango, na wanazuoni wamesema kuwa fiqhi yake hudhihirika katika vichwa alivyoiwekea milango hiyo. Tazama alivyoifanyia hadithi mashuhuri ya nia. Hakuiweka pahala pamoja akatosheka. Imekuja mahali saba: katika mwanzo wa wahyi, katika imani, katika kuacha huru watumwa, katika habari za Hijra, katika nikahi, katika viapo na nadhiri, na katika hila. Hadithi ni ile ile; wenye haja nayo ndio tofauti. Anayesoma habari za ndoa anaikuta, na anayesoma habari za viapo anaikuta, na kila mmoja huipata kwa upande unaomhusu.

Lakini tuzingatie pia kwamba ni mahali saba, si sabini. Kila mlango aliouweka una uhusiano wa kweli na hadithi hiyo. Huu ndio wastani unaotakiwa: makala yasiachwe na mlango mmoja uliofungwa nusu, wala yasitobolewe matundu kila upande hadi yakose ukuta. Lebo tano, sita au saba zilizofikiriwa zina faida kuliko thelathini zilizorundikwa.

Jina la nyumbani na jina la kitaalamu

Tuiache sasa habari ya mawe, tuingie jikoni. Huko Kisii kuna mboga ya majani iitwayo chinsaga, yenye uchungu kidogo, na inayopendwa sana. Mama wa Kilifi anaijua mboga hiyo kwa jina la mwangani. Vitabu vya Kiswahili huiita mgagani. Mjaluo huiita dek. Wataalamu wa mimea wameipa jina la Kilatini, Cleome gynandra. Na mnavu wetu wa Pwani, huko Kisii huitwa rinagu, na kwa Wakikuyu managu.

Mtu akiandika juu ya namna ya kupanda chinsaga na kuipika, kisha akaweka lebo ya "chinsaga" peke yake, amewaandikia watu wa kwao tu. Hilo si baya, lakini faida yake ingeweza kuvuka mto. Akiongeza "mgagani" na "mwangani", makala yale yale yatasomwa Malindi na Morogoro. Akiongeza jina la Kilatini, mtaalamu wa kilimo aliye mbali atayapata, na maandishi ya kijana wa Tabaka yataungana na elimu nyengine juu ya mmea huo.

Hapa pia tunao waliotutangulia. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646 Hijria, sawa na 1248 Miladia, alitunga kamusi kubwa ya dawa na vyakula iliyokusanya vitu takriban 1,400, akavipanga kwa utaratibu wa herufi. Hakutosheka na jina la Kiarabu pekee. Alitaja mara nyingi majina ya Kiyunani, ya Kibarbari na ya lugha za Andalusi, ili mganga asichanganye mmea na mmea. Katika dawa, jina likikosewa mtu hufa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Sweden alichapisha kitabu kilichoimarisha desturi ya kuupa kila mmea jina la maneno mawili ya Kilatini, na desturi hiyo ndiyo itumikayo hadi leo.

Faida ya jina hilo la kitaalamu ni kuyakutanisha majina ya nyumbani. Mwarobaini wa Dar es Salaam na mkilifi wa Mombasa ni mti mmoja, Azadirachta indica. Tafi wa Mombasa ni tasi wa Unguja. Lakini jina la kitaalamu lisiruhusiwe kulifukuza jina la nyumbani. Watu wa Lamu wana jina kwa kila mti wa mikokoni: mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi. Maandishi yote juu ya miti hiyo yakiwekewa lebo ya Kiingereza pekee, mtoto wa Lamu atakapotafuta "mkandaa" hatapata kitu, na atadhani kuwa lugha ya babu yake haina elimu ndani yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa wasomaji.

Adabu za Kiswahili katika lebo

Kiswahili kina tabia zake, na mwandishi wa lebo hana budi kuzijua. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Kiingereza huongeza herufi mwishoni mwa neno kuonyesha wingi, na mwanzo wake aghalabu hubaki ule ule. Kwetu sisi jiwe huwa mawe, mkoko huwa mikoko, mwamba huwa miamba. Mashine nyingi hulifuata neno kuanzia herufi ya kwanza. Kwa hiyo aliyeandika "jiwe la Kisii" huenda asionekane na anayetafuta "mawe ya Kisii". Dawa yake ni nyepesi: kwenye lebo tumia lile umbo ambalo watu hulitamka zaidi, na umbo la pili litumie ndani ya makala yenyewe, hasa katika kichwa na aya ya kwanza.

Pili, kuna maneno yetu yenye maana nyingi. Paa ni mnyama, na ni paa la nyumba. Mbuni ni ndege, na ni mti wa kahawa. Kanga ni ndege, na ni vazi la mama zetu. Maneno kama haya yaongezewe mwenzake wa kuyafafanua: "ndege kanga", "mnyama paa".

Tatu, alama ya reli haikubali nafasi kati ya maneno. Ukiandika alama hiyo kisha "Tabaka", ukaacha nafasi ndipo "Kisii", mashine italichukua neno la kwanza tu, na utarudi kwenye ozoni. Yaunganishe: #TabakaKisii. Kuanza kila neno kwa herufi kubwa humsaidia msomaji kulitenganisha.

Nne, shikamana na tahajia moja. Leo ukiandika "mwarobaini", kesho "muarubaini", na kesho kutwa "mwarubaini", makala yako matatu yatakuwa kama ndugu waliotawanyika wasiojuana. Andika orodha ya lebo zako katika daftari, na uirejee kila unapoandika.

Lebo ni amana

Yapo majaribu katika kazi hii. Mwandishi wa mambo ya maumbile huona kwamba makala yake yamesomwa na watu kumi na wawili, ilhali kejeli na ugomvi wa watu mashuhuri husomwa na maelfu. Shetani humnong'oneza: weka jina la yule mwanasiasa, au la mechi ya jana, na watu watakuja. Na kweli watakuja. Watafungua, wataona habari za ndege, watafunga kwa hasira.

Tunaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani na kukuta umajimaji uliofichwa chini, naye akamkemea muuzaji. Lebo ni ile nafaka ya juu. Ikiwa juu ni kavu na ndani ni mbichi, hiyo ni ghushi, hata kama hakuna shilingi iliyolipwa, kwa sababu umechukua wakati wa mtu kwa njia ya kumdanganya.

Tena wasomaji kumi na wawili si wa kudharauliwa. Ikiwa mmoja wao ni yule mke wa mchongaji, na akamshawishi mumewe kulilowesha jiwe kabla ya kulisugua, basi makala yametimiza kazi yake.

Mlango unaopasa kufungwa

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Mlango uliofunguliwa kwa mgeni mwema hufunguka pia kwa mwizi. Mwezi wa Mei 2025, mahakama ya JKIA jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, ama kifungo cha miezi 12, katika kesi za kujaribu kusafirisha chungu, wale wadudu wadogo. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikutwa na takriban malkia 5,000 waliowekwa ndani ya vichupa. Kama chungu wa mashambani ana soko ng'ambo, basi hakuna kiumbe wetu aliye mdogo mno asitamaniwe.

Kwa hiyo, mwandishi akigundua kiota cha ndege adimu au mti wa dawa unaokaribia kutoweka, aandike jina lake na sifa zake, lakini pahala pake apataje kwa ujumla: kaunti inatosha. Mtandao wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008 na unaokusanya picha za viumbe kutoka kwa watu wa kawaida duniani, huficha mahali hasa walipoonekana viumbe walio hatarini. Hekima ya kusitiri haikinzani na kusema kweli.

Nasaha kwa wazazi

Wazazi wetu wapendwa, mtaala wa umilisi unawatuma watoto nyumbani na maswali juu ya mimea na wanyama wa mazingira yao. Wengi wa watoto hao hutafuta majibu kwa Kiingereza kwa kuwa huko ndiko milango ilikofunguliwa. Kaeni nao. Waulizeni bibi na babu jina la mti ule ulio uani, jina la samaki yule aliyeletwa asubuhi. Yaandikeni majina hayo katika daftari, kila jina na wenzake: la nyumbani, la Kiswahili sanifu, la Kilatini likipatikana. Mtoto mwenye daftari hilo, siku akiandika, hatakosa lebo. Na asipoandika, majina hayo yatakuwa yamesalimika angalau kwenye daftari.

Na vijana waandishi, mkimaliza makala yenu, msikimbilie kuyatuma. Ketini kidogo mjiulize maswali matano. Kitu hiki kinaitwaje na wanaokitumia? Kinaitwaje na wenye lugha nyengine na wenye taaluma? Kiko wapi, kwa jina lisilochanganyika na jengine? Kinamsaidia nani, na kwa shida gani? Na je, lebo hizi ni kweli tupu? Majibu yake ndiyo lebo zenu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adam majina, atujaalie kuvitaja viumbe vyake kwa haki, awanusuru wote wanaotafuta riziki katika vumbi la mawe, na aifanye elimu yetu iwe yenye kumfikia anayeihitaji. Wabillahi tawfiq.